Kuunganisha Usharika kwa Kazi ya Mikono: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa na Viongozi wa Jumuiya

Usharika ukianza kupasuka, dawa inayokimbiliwa kwanza ni semina. Anaalikwa mwalimu kutoka usharika jirani, anafundisha Zaburi ya 133 na Waefeso sura ya 4, soda zinagawiwa, watu wanaitikia amina kwa nguvu. Jumapili inayofuata kwaya mbili bado hazisalimiani, na watu wa ibada ya kwanza bado wanawasema watu wa ibada ya pili kwamba wanapenda usingizi. Semina haina ubaya. Ila washarika ninaowafahamu hupatana wakiwa wameshika koleo, sufuria au pembe moja ya bati, na hupatana zaidi wakijua hela yao imeishia wapi. Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mawili tu, kazi inayochanganya watu na hesabu zinazosomeka. Yaliyobaki ni namna ya kuyafikia.

Ninaandika nikiufikiria usharika wa mjini wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT): jumuiya kadhaa, kwaya tatu au nne, mchungaji mmoja aliyeelemewa, mwinjilisti, baraza la wazee linalokutana jioni watu wakiwa wamechoka, na washarika waliotoka mikoa yote. Wa kijijini mtapunguza mnachoona hakiwahusu.

Kabla ya kuanza: baraza likubaliane umoja maana yake nini

Msiruke hapa, maana ugomvi mwingi wa sharika unatokana na watu kudai umoja pale ambapo imani yenyewe haiudai. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 7, linasema kwamba kwa umoja wa kweli wa kanisa yatosha kukubaliana juu ya mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti. Desturi na taratibu zilizowekwa na wanadamu hazilazimiki kufanana kila mahali. Mchungaji akisome kifungu hicho kwenye kikao cha baraza, kisha kila mzee apewe karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza aandike malalamiko yanayogusa Injili na sakramenti. Ya pili aandike yanayogusa desturi: nani aimbe kabla ya mahubiri, makofi, ngoma, sare, muda wa matangazo, viti vya mbele, nani akae na ufunguo wa stoo. Kisha zisomeni karatasi zote kwa sauti.

Sijaona baraza ambalo safu ya kwanza ilijaa. Kuiona safu ya pili ilivyorefuka kunashusha joto la chumba kuliko mahubiri.

Mkitaka mfano wa nyumbani, kanisa letu lenyewe lilizaliwa hivyo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa moja. Yalikuwa yamelelewa na misheni mbalimbali, za Wajerumani, za Waswidi, za Wamarekani, na kila moja lilikuwa na lugha zake, nyimbo zake na mazoea yake ya ibada. Hawakungoja wafanane ndipo waungane. Basi kwaya ya vijana na kwaya kuu nazo zinaweza kukaa chini ya paa moja bila kuvaa vazi la rangi moja.

Hatua ya 1: Tembeeni nyumba kwa nyumba bila bahasha

Kila jumuiya ina daftari, lakini daftari nyingi zinaonyesha jambo moja tu: nani ametoa na nani hajatoa. Tengenezeni daftari jingine. Liandike mtu anaishi wapi, ana kazi au ujuzi gani (fundi bomba, muuguzi, mshonaji, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, mtu anayejua kuandika barua ya ofisini), nani ni mgonjwa, nani ni mzee anayeishi peke yake, na nani hajaonekana tangu Pasaka.

Waende wawili wawili, na wawili hao wasiwe wa kwaya moja wala wa ukoo mmoja. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba hawabebi bahasha za ahadi, hawakumbushii mchango wa ujenzi, hawatajii mavuno hata kwa utani. Mkibeba bahasha mtakaribishwa sebuleni kwa chai na kuagwa kwa heshima, na hamtajua lolote. Mkienda mikono mitupu mtaambiwa.

Mtakayoyakuta yatawashangaza. Mtakuta wasichana wa kazi za ndani waliopata kipaimara huko kwao ambao hawajaandikwa popote, kwa sababu ahadi imeandikwa kwa jina la baba mwenye nyumba. Mtakuta walinzi wanaotoka zamu asubuhi ya Jumapili na kufika nyumbani ibada ya kwanza ikiwa inamalizika. Mtakuta wapangaji waliohamia mwaka jana ambao hakuna aliyewauliza wanasali wapi. Mtakuta pia watu wanaosubiri kurudi kundini na wanaona haya kuanza. Kanisa la kwanza lilinung'unika kwa jambo la namna hiyohiyo, wajane wa upande mmoja kusahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6), na mitume walijibu kwa kuteua watu saba wa kuisimamia. Hawakuitisha maombi ya kuondoa roho ya manung'uniko.

Ziara hizi zipeni mwezi mzima. Zikifanywa kwa pupa zinageuka sensa.

Hatua ya 2: Chagueni kazi moja, ndogo, yenye mwisho

Ujenzi wa kanisa hauhesabiki hapa. Najua tunausema kuwa kazi ya wote, lakini kwa kweli wengi wetu tunatoa hela na fundi anajenga. Wenye nacho wanaonekana, wasio nacho wanajificha nyuma ya nguzo siku ya harambee. Mnachotafuta ni kazi yenye sifa hizi: inamalizika kwa Jumamosi moja au mbili, inahitaji mikono mingi kuliko fedha, na inamfaa mtu asiyeweza kuwalipa.

Paa la mama mjane lililooza ni mfano mzuri, kwa kuwa lina nafasi ya kila mtu. Seremala anapima, vijana wanapanda juu, akina baba wanabeba mbao, wengine wanapika, watoto wanaokota misumari iliyoanguka, mwenye Kirikuu anasomba bati, na mwalimu mstaafu anaandika kila kilichoingia na kilichotoka. Kuzibua mitaro ya zahanati kabla ya masika, kupaka rangi darasa, kufyeka njia ya makaburini, vyote vinafaa. Wala asiye Mlutheri asiachwe. Mjane wa Kiislamu aliye jirani na kanisa naye ananyeshewa.

Lakini muulizeni kwanza mwenyewe. Watu wawili waende wakakae naye wamsikilize. Mnaweza kuwa mmeshachangisha bati, kumbe kinachomnyima usingizi ni choo kilichotitia, au mjukuu aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Naye ndiye atakayesema kama anataka jina lake litangazwe kanisani au la. Picha zake zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la usharika mpaka aridhie, na akiridhia kwa kusitasita, hesabuni kwamba amekataa.

Hatua ya 3: Wachanganyeni kwa mwezi wa kuzaliwa

Mazoea ni kugawa kazi kwa jumuiya au kwa vikundi: Umoja wa Wanawake wapike, vijana wabebe, kwaya waimbe, wazee wa kanisa wasimamie. Kazi inafanyika, ila kila mtu anabaki na wale aliokuja nao. Jumuiya za mjini nazo zina matabaka yake. Kuna jumuiya ya wenye nyumba na magari, na kuna ya wapangaji wa chumba kimoja, na zote mbili zinasomewa matokeo ya mavuno kwa kupangwa ya kwanza hadi ya mwisho kama timu za ligi.

Gaweni vikosi 12 kwa mwezi wa kuzaliwa. Waliozaliwa Machi wanakwenda kikosi cha Machi, awe daktari au muuza mboga, Mhaya au Mnyakyusa, wa kwaya kuu au wa kundi la sifa. Asiyejua mwezi wake, na wazee wengi hawaujui, achague anaoupenda. Mke na mume watatengana, na hilo ni jema, maana kila mmoja atapata watu wa kuwasimulia mwenzake jioni. Watoto chini ya miaka 10 wabaki na mama au baba.

Kiongozi wa kikosi awe mtu asiye na cheo kingine usharikani. Hapa wazee wa kanisa watakuna vichwa, kwa sababu tumezoea kwamba mwenyekiti wa hiki ni katibu wa kile na mhazini wa vyote viwili. Mpeni yule mama anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mtashangaa anavyojua kupanga watu.

Kuna jambo la historia linalofaa kukumbukwa hapa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi kwa Wachagga kuanzia 1902 hadi 1938, ingawa vita ya kwanza ya dunia na matokeo yake vilimkatiza, alijenga sharika juu ya vifungo alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwaunga katika makundi madogo yaliyofuata mfano wa undugu wa ngao wa Wachagga, kila mmoja akiwa na wajibu kwa mwenzake. Wapo waliomlaumu kwamba aliupamba mno ukabila, na lawama hiyo ina uzito. Jicho lake juu ya rika, hata hivyo, lilikuwa jicho zuri. Mjini ukoo uko mbali na jirani anahama kila mkataba wa pango ukiisha, ila darasa la kipaimara bado tunalo. Vijana hao wanakaa pamoja muda mrefu, na wengi wakishabarikiwa na kupiga picha na gauni jeupe hatuwaoni tena. Wapangeni watatu watatu toka mwanzo wa mafundisho, na kila watatu wapewe mzee mmoja wa kumtembelea kila mwezi. Siku ya kipaimara mzee huyo, kama ana nguvu, akae nao mbele.

Hatua ya 4: Fedha ziwe na funguo zaidi ya mmoja

Mwaka 1523 washarika wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, walitunga kanuni ya sanduku la pamoja la kusaidia maskini, kutunza mchungaji na shule, na Martin Luther akaiandikia utangulizi. Wasimamizi walikuwa 10, kutoka kwa wakuu, baraza la mji, raia wa kawaida na wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na makufuli 4, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata awe mkuu namna gani, na hesabu zilitakiwa kutolewa mbele ya kusanyiko la watu wote.

Miaka 500 baadaye sharika nyingi bado zina mfuko wa udiakonia, yaani wa kusaidia wahitaji, unaojulikana na watu wawili. Fanyeni hivi:

Mfuko wa kazi hii usichanganywe na wa ujenzi wala mishahara. Watia saini wawe watatu, na malipo yapite kwa saini mbili. Mmoja wao awe kijana na mmoja awe mwanamke asiye mke wa mzee wa kanisa. Michango ya simu ipokelewe kwa namba ya usharika, kamwe isiwe namba ya mhazini binafsi, hata kama ni mtakatifu. Kumwepusha na kishawishi ni kumpenda.

Kila senti inayotoka iwe na risiti, na mahali pasipo risiti, kama kwa mama wa mboga au kijana wa toroli, watu wawili walioshuhudia waandike na kusaini.

Hesabu zibandikwe ubaoni penye kivuli watu wanapongojea ibada ya pili, kwa mwandiko mkubwa, mistari michache: kilichopatikana, kilichotumika, kwa nini, kilichobaki. Mstari wa "mengineyo" usiwepo. Niamini, mstari huo umevunja sharika kuliko mafundisho potofu.

Kisha liko suala la kusoma majina. Kutaja mbele ya madhabahu kwamba fulani ametoa laki tano na fulani elfu mbili kunaongeza mapato ya mwezi huo, na wahazini wanakupenda kwa hilo. Ila yule wa elfu mbili Jumapili ijayo anabaki nyumbani anafua. Someni jumla ya kikosi au ya usharika mzima. Aliyetoa siku 2 za kazi aandikwe kwenye ubao uleule na aliyetoa bati 10, bila kugeuzwa kuwa shilingi.

Mnada baada ya ibada ni jambo jingine, nami ni shabiki wake. Jogoo anapigwa bei, mzee ananunua kwa elfu arobaini, anasema "narudisha mnadani," anapigwa bei tena, watoto wanacheka, mkungu wa ndizi unafuata, halafu mayai kwenye kikapu. Ni wakati pekee ambapo ibada ya kwanza na ya pili wanasimama uwanja mmoja. Tatizo linakuja pale watu watatu wenye fedha wanaposhindana hadi anayetaka kununua kilo ya maharage ya kupika kweli anaona haya kunyoosha mkono. Dalali mzuri anajua kuligeuza: vitu vichache vya kwanza ni vya kurushana, kisha anatangaza kwamba vinavyofuata ni vya bei ya sokoni, na mwisho vikosi vinunue kwa pamoja chakula cha kabati la udiakonia. Mfundisheni dalali wenu hivyo na mnada utabaki sherehe.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Anzeni saa 12 na nusu asubuhi kwa wimbo mmoja kutoka kitabu chetu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, somo fupi na sala. Mchungaji asihubiri. Avae buti, ashike koleo, apangiwe kikosi cha mwezi wake kama mtu mwingine. Kazi ikigawanywa mbele ya wote hakuna atakayesema alifichwa.

Jiko ndilo linaloonyesha kama mmechanganyika kweli. Kikosi kinachopika kisiwe cha wanawake peke yao, nao wasiozoea wakubali kufundishwa. Nimemwona meneja wa benki amekaa kwenye kigoda, mikono ya shati imekunjwa, anamenya vitunguu huku machozi yanamtoka, na msichana wa kazi za ndani anamwelekeza namna ya kukata vipande vyembamba vya kuivia sawasawa. "Baba, hivyo vinene vitabaki vibichi." Akavikata upya. Siku ya Jumapili nilimwona akivuka ua kwenda kumsalimia, akamwita kwa jina. Walikuwa wamesali kanisa moja muda wote huo.

Chakula kiwe cha aina moja kwa watu wote, wali na maharage au makande, kiliwe mahali pamoja na kwa foleni moja. Msitenge meza ya wageni rasmi. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu hiyohiyo: mmoja ana njaa na mwingine amelewa, kisha wanajiita wamekutana kwa Chakula cha Bwana (1 Wakorintho 11). Msitenge hata soda za wazee.

Mkimaliza, mwenye nyumba asilazimishwe kutoa hotuba ya shukrani. Ombeni pamoja naye, safisheni uwanja, ondokeni.

Hatua ya 6: Kwaya

Kwaya nimezipa sehemu yake kwa sababu zina historia ndefu, sare na mwenyekiti, na mara nyingi zina albamu. Ugomvi wake kwa kawaida ni wa vitu vitatu: zamu ya kuimba, vyombo na safari. Zamu ipangwe na kamati ya muziki kwa miezi 3 na ibandikwe. Ikishabandikwa isibadilishwe kwa simu ya usiku wa Jumamosi. Vyombo viandikwe kuwa mali ya usharika hata kama kwaya fulani ndiyo iliyochangisha, na kila kwaya ipate saa zake za mazoezi. Safari ziamuliwe mwanzoni mwa mwaka.

Kisha mara moja kwa kila robo mwaka kwaya zote zifundishwe wimbo mmoja na ziimbe kama kwaya moja, wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida. Walimu wa kwaya wapokezane kuufundisha. Mara ya kwanza sauti ya tatu itapotea na bezi watakuwa wengi mno. Endeleeni tu.

Hatua ya 7: Msiba

Msiba hauna ratiba, ndiyo maana ndiko usharika unakojulikana ulivyo. Mtu akifa bila jumuiya inayomjua, maturubai yanachelewa, mwinjilisti anafika peke yake, na ndugu waliotoka mkoani wanaketi wakishangaa kanisa la marehemu liko wapi. Kikosi cha mwezi husika kiwe cha zamu ya misiba yote ya mwezi huo: maji, viti, kuni, mtu wa kulala na wafiwa usiku wa kwanza. Kikosi cha Agosti hakiulizi kama marehemu alikuwa mtoaji.

Baraza liandike kwenye kumbukumbu zake, kwa maneno ya wazi, kwamba hakuna familia ya msharika itakayodaiwa ahadi mbele ya jeneza. Kama kuna suala la nidhamu ya kanisa juu ya taratibu za maziko, mchungaji alizungumze na familia faraghani kabla, wala lisisikiwe kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti.

Hatua ya 8: Mkikosana, na mtakosana

Mathayo 18 imeweka mpangilio: nenda kwake peke yake, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisani. Sisi tunaanzia WhatsApp. Kundi la usharika liwe la matangazo tu, wanaoandika wawe watu wachache walioteuliwa, na malalamiko yapelekwe kwa mzee wa kanisa wa eneo hilo, ambaye ana siku 7 za kuwakutanisha wahusika. Ikishindikana liende kwa mchungaji, kisha baraza. Likimhusu mchungaji mwenyewe lipelekwe kwa Mkuu wa Jimbo kwa barua yenye majina ya walioandika. Barua zisizo na jina zichanwe.

Hapo pana mpaka. Mtoto akinajisiwa, mke akipigwa, au sadaka ikiibwa, hilo si la "kuyamaliza kindugu." Linakwenda polisi na ustawi wa jamii, na usharika unasimama na aliyeumizwa. Nimesikia neno umoja likitumiwa kumnyamazisha mama aliyevimba jicho. Anayelitumia hivyo anyang'anywe kipaza sauti.

Ukabila nao usizungukwe. Watu wakitoka ibadani wakasimama na wa kwao kuzungumza kilugha, hilo ni jambo la kawaida na tamu, msiwakemee. Angalieni kwenye uteuzi. Kama wahazini watatu mfululizo wametoka wilaya moja, semeni kikaoni, na mwaka huo pendekezeni mtu mwingine anayefaa.

Hatua ya 9: Fuateni kalenda ya kanisa

Kazi 4 kwa mwaka zinatosha, zaidi ya hapo watu wanachoka na wake zao wananuna. Kwaresima inafaa kwa wagonjwa na wazee wasiotoka nyumbani. Msimu wa mavuno unafaa kwa kabati la chakula. Siku ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, watoto wenyewe wachague kazi na watu wazima wawe vibarua wao. Watachagua kupaka rangi kitu fulani, wacheni wapake. Jumapili iliyo karibu na tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya Matengenezo, ibada zote ziunganishwe kuwa moja uwanjani, na hesabu za mwaka za mfuko wa udiakonia zisomwe hapo.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Mipango hii mingi hufa mchungaji anapohamishwa. Kwa hiyo isiwe ya mchungaji. Iwe na daftari tatu: la ziara, la kazi zilizofanyika, la fedha. Kila kiongozi wa kikosi atumikie mwaka 1 na awe na msaidizi atakayempokea, na asiongezewe muda hata akipendwa. Mwezi wa Desemba, kabla ya pilikapilika za Krismasi, wanaotoka na wanaoingia wakutane saa moja, wapitie daftari ukurasa kwa ukurasa, waende pamoja kuwatembelea walau wazee wawili walioandikwa humo, kisha wanaoingia wasaini kwamba wamepokea. Funguo za kabati zibadilishane mikono siku hiyohiyo, na jina la mwenye ufunguo mpya libandikwe ubaoni.